Je, wajua kwa nini pistoni ya injini mpya ya nitro hukwama ikifika juu?

Mtu ambaye injini ya lori lake dogo la rimoti imechoka huagiza nyingine, huitoa kwenye boksi, kisha huishika flaiwili, yaani gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini, kwa vidole na kuizungusha ili aone inavyokwenda. Sehemu kubwa ya mzunguko hupita bila shida, lakini pistoni inapokaribia juu kabisa kila kitu hukaza, wakati mwingine kiasi cha vidole kushindwa kuivusha. Wengi huamua hapo hapo kwamba injini imenoki kabla haijawashwa, au kwamba wameuziwa mali mbovu. Kwa kawaida ukweli ni kinyume kabisa, kwa sababu kukaza huko kumewekwa kwa makusudi, na ndiko kunakoonyesha kuliko kitu kingine chochote kwamba injini bado ni nzima. Inayopaswa kutiliwa shaka ni ile ya mtumba inayozunguka kwa ulaini mtindo mmoja kutoka chini hadi juu.

Injini zinazozungumziwa hapa ni za mipigo miwili, zenye ujazo wa takriban sentimita za ujazo 2 hadi 5, kama zile zinazoendesha T-Maxx, lori lililotolewa na kampuni ya Traxxas ya Texas, Marekani, mwaka 1999. Ingawa huitwa injini za nitro, kinachoungua ndani yake kwa sehemu kubwa ni methanoli. Nitromethani, iliyozipa jina hilo, mara nyingi huwa asilimia 20 hadi 30 ya mafuta ya malori haya, na oili ya kulainishia huchanganywa humo humo. Plagi yake haitoi cheche. Ina waya mdogo wenye platinamu, unaopashwa moto kwa betri wakati wa kuwasha, na baada ya hapo hubaki mwekundu kwa joto la mwako na kwa namna methanoli inavyoungua inapogusa platinamu. Hilo nalo ni jambo la kushangaza, lakini halihusiani na kukwama kwa pistoni.

Kinachopotosha ni uzoefu wa pikipiki na magari. Katika injini hizo pistoni ni nyembamba kidogo kuliko silinda, na nafasi inayobaki huzibwa na ringi, ambazo ni pete za chuma zenye kujitanua zenyewe. Ukitoa plagi ya pikipiki na kuizungusha injini kwa mkono, mambo huenda laini, na ikikaza mahali fundi anajua kuna ugonjwa. Kanuni hiyo ni sahihi kabisa kwa pikipiki. Ikihamishiwa kwenye injini ya nitro huzaa tiba zinazoua mgonjwa. Wako wanaoibana flaiwili kwa koleo na kuilazimisha ikiwa baridi, wakati konrodi iliyo ndani, yaani mkono unaoisukuma pistoni, ni kipande chembamba cha alumini ambacho hakikuundwa kwa mateso hayo. Wako pia wanaofungua kichwa cha silinda na kuipitisha pistoni kwenye msasa mpaka ipite vizuri, na kwa kweli hupita vizuri sana, ila injini hiyo haitawaka vema tena mpaka inunuliwe pistoni nyingine pamoja na slivu, yaani bomba la ndani ya silinda.

Wengine hudhani kinachohisiwa ni kompresheni tu, yaani hewa iliyobanwa juu ya pistoni, au kwamba pistoni inagonga kichwa cha silinda. Dhana zote mbili hupimwa kwa jaribio moja dogo. Toa plagi ili hewa iwe na pa kutokea, kisha zungusha tena taratibu. Kukaza kutabaki pale pale, kwa hiyo si hewa. Ukichungulia kwenye tundu la plagi utaiona pistoni ikikwama kabla haijafika mwisho wa safari yake, kukiwa bado na nafasi juu yake, kwa hiyo haigongi kitu. Kinachoibana ni ukuta wa silinda wenyewe.

Kwa nini basi zisitumike ringi kama kwingine? Silinda ya injini ya sentimita za ujazo 3.5 ina upana wa kama milimita 16, na injini yenyewe huweza kuvuka mizunguko 30,000 kwa dakika, ambayo ni mizunguko 500 katika kila sekunde. Ringi ya kutosha humo ingekuwa nyembamba mno, ingeongeza msuguano, na katika kila mzunguko ingelazimika kupita juu ya matundu ya kuingizia mafuta na kutolea moshi bila kunasa wala kutetema. Si kwamba haiwezekani, kwani ziko injini za mifano ya ndege, hasa kubwa zinazozunguka polepole zaidi, zenye ringi. Kwenye malori ya rimoti, hata hivyo, watengenezaji karibu wote wamechagua njia nyingine, nayo ni kuifanya pistoni yenyewe iwe kizibo.

Hapa ndipo ufundi ulipo. Ndani ya silinda huwekwa slivu, yaani bomba jembamba ambamo pistoni hupanda na kushuka, na bomba hilo halina upana mmoja. Chini ni pana na juu limefinywa kidogo, tofauti ambayo jicho haliioni. Chukua bilauri mbili za chuma zilizopachikwa moja ndani ya nyingine zikang'ang'aniana baada ya kuoshwa. Ya ndani ilishuka bila taabu mpaka ilipofika mahali ambapo ukuta wa nje unaingia ndani, ikashikwa. Hakuna haja ya nyundo. Ukiisimamisha ile ya nje kwenye maji ya moto hutanuka, mshiko hulegea, na zile mbili huachana. Pistoni ni bilauri ya ndani, isipokuwa yenyewe hupanda kuelekea penye wembamba, na joto la kuilegeza halitoki kwenye beseni bali kwenye mwako unaotokea juu yake.

Mfano huo una mahali unapoishia, kwa sababu katika injini pistoni nayo hupata moto na kutanuka. Watengenezaji hulishughulikia hilo kwa kuchagua metali. Slivu nyingi ni za shaba ya njano, ambayo kwa kipenyo cha milimita 16 na ongezeko la nyuzi 100 za Selsiasi hutanuka kwa takriban milimita 0.03. Alumini ya kawaida hutanuka zaidi ya hapo, kwa hiyo pistoni hutengenezwa kwa alumini iliyochanganywa na silikoni nyingi, mchanganyiko unaopunguza kutanuka huko mpaka pistoni isiizidi slivu. Jambo la pili ni kwamba slivu haipati joto sawa kote. Sehemu ya juu iko jirani na moto na ya chini iko mbali, hivyo juu, palipofinywa, ndipo hutanuka zaidi. Injini ikifikia joto lake la kazi, ambalo likipimwa kwenye kichwa mara nyingi huwa kati ya nyuzi 100 na 130, bomba lililokuwa limefinywa hukaribia kuwa na upana mmoja, na pistoni hupita humo ikiwa imeziba bila kukwaruza. Kwa maneno mengine, injini hii ina umbo lake sahihi ikiwa moto tu. Ikiwa baridi, ni umbo lisilo sahihi lililokokotolewa kwa usahihi mkubwa.

Herufi zinazoandikwa kwenye matangazo hutaja familia hii: ABC ni pistoni ya alumini katika slivu ya shaba ya njano iliyopakwa kromu, ABN imepakwa nikeli, na AAC ina slivu ya alumini yenye kromu.

Kutokana na hayo, namna ya kuilainisha injini mpya, yaani kuizoesha kazi katika matangi yake ya kwanza ya mafuta, hubadilika. Desturi ya zamani ilikuwa kuiacha ingurume polepole ikiwa na mafuta mengi na baridi, kwa imani kwamba huko ni kuitunza. Lakini injini baridi ni injini ambayo bado imefinywa, na kila mzunguko hukwangua sehemu ile ile inayoziba. Ndiyo maana wengi siku hizi hupasha kichwa kwa mashine ya kukaushia nywele kabla ya kuwasha, kisha huiendesha ikiwa na mafuta ya kutosha lakini ikiwa na joto, na kuiacha ipoe kabisa kati ya tangi moja na jingine. Wazoefu hawakubaliani ni matangi mangapi, na hoja nyingi zinasimama juu ya injini chache za mtu mmoja mmoja, hivyo ni busara kuanza na maelekezo ya mtengenezaji. Mafuta kuzidi hutokea pia bila mtu kukusudia. Injini iliyorekebishwa Mombasa, usawa wa bahari, ikipelekwa Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, hupata hewa nyepesi zaidi kwa mafuta yale yale, na kabureta isiporekebishwa inaweza kufanya kazi ikiwa baridi kuliko inavyotakiwa.

Anayetafuta injini ya kubadilishia ana kipimo tayari. Injini ya mtumba izungushwe ikiwa baridi, na isipokaza hata kidogo karibu na juu, sehemu yake iliyofinywa imelika. Muuzaji anaweza kuiwasha mbele yako na ikawaka vizuri, kwa hiyo subiri ipate moto. Injini iliyolika huwaka ikiwa baridi, kisha slivu ikitanuka kompresheni hupungua, injini huzima ikinguruma polepole, na hukataa kuwaka tena mpaka ipoe. Mara nyingi chanzo huwa vumbi lililopita kwenye chujio la hewa lisilotiwa oili. Wako mafundi wanaoifinya upya slivu kwa kuibana, na kazi hiyo huweza kurefusha maisha ya injini, mradi kromu haijabanduka.

Ukubwa, ambao ndio huulizwa kwanza, una uzito mdogo kuliko inavyodhaniwa. Namba kama .15, .18 na .21 ni ujazo kwa inchi za ujazo, takriban sentimita za ujazo 2.5, 3 na 3.5. Injini za kundi la .12 hadi .18 kwa kawaida hushiriki umbo moja dogo la nje, wakati .21 na kuendelea ni pana na nzito zaidi, hivyo lori lililojengwa kwa .15 likipewa .21 huhitaji vishikio vingine, klachi na uwiano wa gia mwingine, na humaliza tangi mapema. Nguvu za farasi zinazotangazwa hazipimwi kwa njia moja na kila kampuni, kwa hiyo zinafaa kulinganisha injini za kampuni moja tu.

Kinachorudisha injini nyingi dukani ni urefu na aina ya krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Baadhi zina nyuzi za skrubu mwishoni, baadhi zina tundu la kufungia klachi, na baadhi huja ndefu ili zikatwe. Pima ya zamani kabla ya kulipa, angalia moshi unatokea ubavuni au nyuma, na hakikisha kama injini mpya inawashwa kwa kamba au kwa mota ya umeme. Ikishafungwa na kutumika, zungusha flaiwili mpaka pistoni ishuke chini kabisa ingali moto. Slivu ikipoa na kusinyaa pistoni ikiwa juu, huishika, na safari inayofuata kamba ndiyo itakayokatika kwanza.