Mkia kuburuza lami: "rubani alivuta kwa pupa" si jibu

Nimeisikia kwa kinyozi wangu pale Mwanga. Nikaisikia kwenye kahawa Ujiji. Jumapili nikaisikia tena, safari hii kwa vijana wa mizigo ninaowafundisha mizani mwenyewe hapa Kigoma: "Mwalimu, yule rubani alivuta kwa pupa." Kisa ni video inayozunguka kwenye simu, ndege kubwa inaacha ardhi huku mkia ukitoa cheche, na wanaoitazama wanasema rubani aliinua pua haraka mno. Nimekuwa fundi wa ndege miaka mingi, na kauli hiyo imenichosha.

Chembe ya ukweli imo, siikatai. Pua ya ndege ya abiria huinuliwa taratibu, nyuzi mbili hadi tatu kwa sekunde. Boeing 737-800 ikifika nyuzi 11 magurudumu yakiwa bado chini, mkia unagusa. Mkono mzito unaweza kufanya hivyo. Ila mchunguzi haanzi na mkono. Anatembea kwanza kwenye lami, anapima mchubuko ulianzia wapi na ukaishia wapi, kisha anauliza: kwa kasi ile, nani alimwambia rubani kwamba wakati wa kuinua pua umefika?

Aliyemwambia ni kompyuta, na kompyuta huambiwa na watu. Tarehe 20 Machi 2009, Airbus A340-500 ya Emirates ilikuwa inaondoka Melbourne kwenda Dubai ikiwa na watu 275. Uzito uliopaswa kuingizwa ulikuwa tani 362.9. Kwenye kompyuta ya kukokotoa mruko ikaandikwa 262.9. Tarakimu moja, tani 100 zimeyeyuka. Kompyuta ikapiga hesabu yake vizuri kabisa kwa ndege ambayo haikuwepo: nguvu ndogo ya injini, kasi ndogo ya kuinua pua. Rubani akavuta pale pale alipoelekezwa. Ndege haikupaa, mkia ukaburuza, wakaongeza nguvu yote ya injini, lami ikaisha, wakagonga taa na antena za uwanja ndipo wakapanda juu. Walirudi kutua salama na hakuna aliyeumia.

Miaka sita nyuma, 12 Machi 2003 huko Auckland, Boeing 747-400 ya Singapore Airlines: tani 347.4 zikaandikwa 247.4. Kosa lile lile, tani 100 zile zile, mkia ukaburuza. Sasa niambieni, marubani wa mashirika mawili, katika nchi mbili, wote walikuwa na pupa?

Wachunguzi wa Australia walitaka kujua namba ile ilipenyaje kwenye ukaguzi wote. Walikuta, pamoja na mengine, kwamba marubani wale walizoea kurusha ndege za uzito unaopishana mno, kwa hiyo 262.9 haikuwashtua. Ungemfukuza yule rubani, tatizo lingebaki limekaa kitini likimsubiri mwenzake.

Ndiyo maana nawasumbua vijana wangu: namba isomwe kwa sauti na mtu wa pili, kutoka kwenye karatasi, si kutoka kwenye kioo alichoandikia wa kwanza. Wananicheka. Na gunia la dagaa halikadiriwi kwa macho, wala dumu la mawese. Tabora wawe wakali zaidi, maana uwanja wao uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Oktoba hewa ni nyepesi, ndege inakula lami ndefu kuliko Dar es Salaam kwa mzigo ule ule.

Kuna na kauli nyingine ninazozisikia. "Kisanduku cheusi kitasema kila kitu." Kwanza ni cha rangi ya chungwa. Pili, vinasa sauti vya zamani, vile vinavyorekodi maongezi ya marubani, vilihifadhi dakika 30 tu, vingi vya baadaye saa mbili. Ndege ikiendelea na safari ndefu, maongezi ya kuruka yanafutika. Na kinasa data kitakupa nyuzi na kasi, hakitakuambia kwa nini kidole kilibonyeza 2 badala ya 3.

"Ni mchubuko, pakeni rangi." Boeing 747 ya Japan Airlines iliburuza mkia Osaka mwaka 1978, ukuta wa nyuma unaozuia shinikizo la hewa ukarekebishwa vibaya, na tarehe 12 Agosti 1985 ukapasuka. Walikufa watu 520. Ya China Airlines iliburuza Hong Kong mwaka 1980, ikasambaratika angani 2002 kwa kiraka kibovu. Watu 225. Mkia ukigusa wakati wa kuruka, hupandi juu kujaza ndege shinikizo. Unarudi.

"Wachunguzi wanatafuta wa kumfunga." Hapana. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinataja lengo moja, kuzuia ajali. Mambo ya jela yana wahusika wengine.

"Wanatuhamisha viti kwa dharau." Hii ni ya abiria wa mapangaboi yetu, ndege ndogo za panga. Uzito ukirundikana nyuma, pua huinuka kwa wepesi usiotakiwa. Ukiombwa usogee mbele, mama yangu, sogea, na lile begi unalosema ni la mkononi liweke kwenye mizani.