Wakati mwingine suluhisho ni shoka: dhana potofu kuhusu masuluhisho ya asili

Machi 2022, Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikutana Nairobi na kukubaliana maana ya masuluhisho yanayotokana na asili. Kwa ufupi, ni kulinda, kurejesha na kutumia kwa uangalifu misitu, mito, ardhioevu, mashamba na bahari, kwa namna inayotatua tatizo la watu na papo hapo kunufaisha viumbe wengine. Yote mawili ni sharti. Bustani ya kupendeza isiyomtatulia mtu shida haimo, na mradi unaomfaa mtu huku ukiangamiza viumbe haumo pia. Neno limesambaa tangu hapo, na limebeba dhana ambazo kwa maoni yangu zinaua miradi mingi kabla haijaota mizizi.

Dhana: Ni kupanda miti tu

Hii ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo inayoniuma zaidi. Baada ya tsunami ya 2004, mikoko ilipandwa kwa wingi kwenye pwani za Sri Lanka ili iwe ngao. Watafiti walipokuja kukagua maeneo 23 yaliyopandwa, katika 9 kati ya hayo hawakukuta hata mche mmoja uliobaki hai.

Tuiname tuutazame mche wenyewe. Mbegu ya mkoko ni ndefu kama rula, na kuidunga kwenye tope ni kazi ya sekunde chache; ndiyo maana kila mwenye haraka huikimbilia. Ila ikidungwa chini mno, mahali ambapo maji hayaondoki vya kutosha wakati wa kupwa, mizizi hukosa hewa. Mwani na viumbe wadogo wenye magamba magumu hushika shina changa, linaelemewa, linalala, linaoza. Wazee wa pwani wanajua kwamba kila mti wa mikokoni una mahali pake: mlilana husimama mbele na kupigwa na bahari, mkandaa hukaa nyuma ambako maji hufika kwa nadra. Mara nyingi kinachohitajika si mche bali ni sururu, ya kufungua mkondo uliozibwa na barabara au tuta. Bamvua likipita tena, mbegu huletwa na maji yenyewe.

Niger nayo ilifundisha somo kama hilo, tena ukingoni mwa jangwa. Mwaka 1983 Mwaustralia Tony Rinaudo, aliyekuwa amechoshwa na miche iliyokufa kila mwaka, alisimamisha gari ili apunguze upepo wa matairi apite mchangani. Akakiangalia kichaka kando ya njia: majani yalikuwa ya mti. Chini ya mashamba yale makavu mlikuwa na visiki vilivyochipua kila msimu na kukatwa kila msimu. Mbinu iliyozaliwa hapo tunaiita kisiki hai: unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unakata mengine, unapogoa matawi ya chini, kisha unayalinda dhidi ya mifugo. Leo inakadiriwa kuwa takriban hekta milioni 5 za nchi hiyo zina miti tena, na sehemu kubwa haikupandwa na mtu.

Zipo pia sehemu ambazo mti wenyewe ndio tatizo. Afrika Kusini ilianza mwaka 1995 kuajiri watu wasio na kazi wakate misonobari, mikaratusi na miakasia ya kigeni iliyovamia mabonde na kunywa maji ya mito. Huko suluhisho la asili ni shoka na msumeno. Kenya nayo inaufahamu mathenge, mti ulioletwa kuzuia jangwa, ukaishia kuvamia malisho.

Dhana: Ni njia ya wasio na fedha za kujenga

Jiji la New York lina fedha. Hata hivyo mwaka 1997 lilitia saini makubaliano na miji na vijiji vilivyo kwenye vyanzo vyake vya maji milimani: linunue ardhi, lisaidie wafugaji kuwaweka ng'ombe mbali na vijito, ligharamie ukarabati wa mashimo ya majitaka. Njia nyingine ilikuwa mtambo wa kuchuja maji uliokadiriwa kugharimu dola bilioni 6 au zaidi. Maji hayo bado hutiwa klorini na kupitishwa kwenye miale ya urujuanimno. Msitu haukuwaondoa mafundi kazini.

Uholanzi, mabingwa wa matuta, waliwahamisha watu takriban 250,000 mwaka 1995 kwa hofu ya mito kufurika. Wakaamua kuipa mito nafasi. Katika mji wa Nijmegen walilirudisha tuta nyuma mita 350 na kuchimba mkondo wa pili. Baadhi ya familia zilipoteza nyumba zao, na sidhani ni haki kuusifu mradi huo bila kulitaja hilo.

Dhana: Asili ikirejeshwa, mafuriko yamekwisha

Ukanda wa mikoko wa mita 100 unaweza kupunguza kimo cha mawimbi kwa asilimia 13 hadi 66, kutegemea umbo la miti na kina cha maji. Hilo linaweza kuliokoa tuta lisibomoke. Haliondoi haja ya tuta, wala ya tahadhari na njia ya kukimbilia. Zhengzhou, China, ulikuwa mji uliowekeza katika bustani na mabwawa ya kunyonya mvua. Tarehe 20 Julai 2021 ukapata milimita 201.9 kwa saa moja, na watu wengi wakafa.

Dhana: Tukiwa na misitu ya kutosha, tuendelee kuchoma mafuta

Hapana. Msitu hufyonza sehemu ya hewa ya ukaa inayotoka kwenye mafuta, lakini wenyewe huungua na kukauka joto likizidi.

Dhana: Ili asili ipone, watu waondoke

Turudi Niger. Sheria za zamani zilihesabu mti kuwa mali ya serikali, na mkulima aliyeukata, hata shambani mwake, aliweza kutozwa faini. Kwa nini autunze? Usimamizi wa sheria hizo ulipolegezwa, chipukizi lile lile likawa kuni zake, malisho ya mbuzi wake na nguzo za nyumba yake, naye akaanza kulipita na jembe pembeni.