Mkongo Pekee Hautoshi: Itifaki Zilivyoufuata Mtandao wa Kasi

Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi Julai 2009, intaneti ya Afrika Mashariki ilianza kuachana na setelaiti, na wengi walitarajia kasi ipande sawasawa na upana wa njia mpya. Ilipanda, lakini aliyepakua faili moja kubwa kutoka Ulaya aliweza kukwama mbali chini ya kasi aliyolipia. Sehemu ya sababu ilikuwa ndani ya kompyuta yake mwenyewe, katika itifaki, yaani kanuni ambazo mashine mbili huzifuata zinapopeana data.

Kwa miongo mingi mzigo mkubwa wa intaneti umebebwa na itifaki ya TCP, iliyobuniwa na Vinton Cerf na Robert Kahn katika miaka ya 1970. Kwa mujibu wake, kompyuta inayotuma hutoa kiasi fulani cha data, kinachoitwa dirisha, kisha husubiri upande wa pili uthibitishe kwamba data imefika. Ukubwa wa dirisha uliandikwa kwa biti 16 tu, hivyo haukuweza kuzidi baiti 65,535. Kwa mitandao ya wakati huo kiasi hicho kilitosha na kubaki.

Sasa tupige hesabu. Setelaiti zilizotumika kabla ya mkongo zilikaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na safari ya data kwenda na kurudi ilichukua milisekunde 600 hivi. Dirisha moja kwa kila safari ni sawa na megabiti 0.87 kwa sekunde, hata kama njia yenyewe ina uwezo wa megabiti 100. Kwa mkongo, safari ya Mombasa hadi London na kurudi ikichukua milisekunde 150, ukomo unapanda hadi megabiti 3.5 na kuishia hapo. Dawa ilikuwa imeshaandikwa tangu Mei 1992, katika RFC 1323, waraka wa kiufundi wa kanuni za intaneti ulioruhusu dirisha kuzidishwa hadi kukaribia gigabaiti 1, ila mfumo wa kompyuta wa Windows XP, uliokuwa bado umeenea mno mwaka 2009, haukuutumia utaratibu huo bila mtu kubadilisha mipangilio. Ndiyo maana programu za kupakua zilizokata faili vipande vipande zilipendwa sana: kila kipande kilipata muunganisho wake, na kila muunganisho dirisha lake.

Kupanua dirisha, hata hivyo, kuna hatari yake. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, umbali usiofika mita 400, kasi iliporomoka kutoka kilobiti 32 hadi biti 40 kwa sekunde, kwa sababu kila kompyuta iliendelea kusukuma pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data, katika njia iliyokwisha kufurika. Mtafiti Van Jacobson alieleza tiba yake mwaka 1988: anza na kidogo, ongeza kadiri uthibitisho unavyorudi, na pakiti ikipotea punguza kwa nusu. Kwa maoni yangu hakuna marekebisho mengine yaliyoiokoa intaneti zaidi kuliko haya.

Tatizo ni kwamba baada ya kupunguza, itifaki iliongeza pakiti moja tu kwa kila safari. Katika waraka wa Desemba 2003, mtafiti wa mitandao Sally Floyd alionyesha maana yake kwenye njia ya gigabiti 10 kwa sekunde, yenye pakiti za baiti 1,500 na safari ya milisekunde 100: ili njia ijae, dirisha linahitaji pakiti 83,333, na isipotee zaidi ya pakiti moja katika kila bilioni 5. Ikipotea moja, dirisha hushuka hadi nusu, na kurudi lilipokuwa huchukua zaidi ya saa nzima. Hakuna mtandao halisi unaoweza kuahidi usafi wa namna hiyo.

Jibu lililoenea zaidi lilitoka Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina. CUBIC, namna mpya ya TCP kuongeza na kupunguza dirisha, hukumbuka mahali ambapo pakiti ilipotea, hukimbilia karibu na hapo haraka, hutulia kidogo, kisha hujaribu kuvuka. Ongezeko lake hutegemea muda uliopita tangu upotevu badala ya idadi ya safari, hivyo aliye mbali na seva haachwi nyuma kiasi kile cha zamani. Mfumo wa kompyuta wa Linux uliifanya chaguo lake la kawaida mwaka 2006. BBR ya Google, iliyotangazwa mwaka 2016, huenda mbali zaidi: haingoji pakiti ipotee, bali hupima upana wa njia na muda wa safari, kisha hutuma kulingana na vipimo hivyo.

QUIC, itifaki mpya inayofanya kazi ya TCP na iliyopitishwa kuwa kiwango rasmi Mei 2021, imeshughulikia kusubiri kwa mwanzoni. TCP pamoja na usimbaji wa TLS 1.2, unaoficha data isisomwe na wengine, ilihitaji safari tatu kabla ya ukurasa kuombwa; kwa safari ya milisekunde 150, hiyo ni karibu nusu sekunde ya kimya. QUIC huunganisha salamu na usimbaji katika safari moja, na kwa seva iliyokwisha kufahamika ombi laweza kuondoka papo hapo. Gharama yake ni kazi zaidi kwa prosesa. Tena, kwa kuwa husafiri juu ya UDP, itifaki nyepesi isiyosubiri uthibitisho, mitandao ya baadhi ya ofisi huizuia, na hapo kivinjari hurudi kimyakimya kwenye TCP.