"Limepita?"

Kila Arusha ikitikisika, hata kidogo tu cha kugonganisha vikombe kabatini, simu yangu haitulii. "Kaka, tetemeko limepita?" Kwa kuwa mimi ni mjiolojia, watu hudhani ninayo ratiba. Sina, wala hayupo aliye nayo.

Nenda duka la vitambaa Soko Kuu. Muuzaji anapima mita zake, anatia mkasi kidogo ukingoni, kisha anashika pande mbili na kuvuta: chrrr! Akiacha kuvuta, tazama pale mchaniko ulipokoma. Nyuma yake kitambaa kimelegea, kinaning'inia. Lakini zile nyuzi mbili tatu za mwisho ndizo zimebeba mvuto wote. Akivuta tena, zitakatika hizo kwanza.

Ufa hai, yaani ufa wa ardhini ambao bado husogea, nao una tabia hiyo. Miamba ya pande zake husukumwa au huvutwa miaka na miaka huku imeng'ang'aniana. Kipande kimoja kikiachia, mkazo hauishi wote. Sehemu yake huhamia kwenye ncha za kipande hicho na kwenye nyufa za jirani. Jirani naye akiwa amebakiza kidogo, nyongeza hiyo inamtosha.

Nepal, Aprili 25, 2015, tetemeko la ukubwa wa 7.8 lilichana ufa kuelekea mashariki. Siku 17 baadaye likaja la 7.3, karibu kabisa na ncha hiyo ya mashariki. Uturuki, Februari 6, 2023, hawakupewa hata siku moja: 7.8 alfajiri, 7.5 mchana, tena kwenye ufa mwingine wa jirani. Ila Italia ya mwaka 2016 ndiyo iliyonifunga mdomo. Agosti 24 lilipiga la 6.2, Oktoba 26 likafuata jingine, watu wengi wakahama. Oktoba 30 likaja la 6.6 kwa vipimo vya baadhi, 6.5 kwa vingine. Vyovyote vile, kubwa kuliko yote. Tumezoea kusema tetemeko mama, lile kubwa, na watoto wake, madogo yanayolifuata. Huko mtoto alimpita mama.

Sisi tunayo ya Mlima Gelai, karibu na Ziwa Natron. Mfululizo ulianza Julai 12, 2007. Siku tano baadaye ukatoa tetemeko la 5.9 lililowatoa watu nje ya majengo hadi Nairobi. Hapo kulikuwa na mkono wa magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyojipenyeza kati ya miamba chini kwa chini, na Septemba mlima jirani wa volkano, Ol Doinyo Lengai, ukalipuka. Bonde letu la Ufa hutanuka milimita chache tu kwa mwaka, wakati Himalaya hubanwa karibu sentimita 2. Kwetu mambo huenda polepole, lakini ule ukuta unaoupanda kwa gari kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, madereva wanaposimama watalii wapige picha ya Ziwa Manyara, umeinuliwa na matetemeko mengi, kila moja likiongeza kimo kidogo.

Basi siku hizi nikiulizwa "limepita?", nauliza kwanza: kabati la vyombo umeliweka upande gani wa kitanda cha mtoto?