Wimbo mmoja, magitaa mawili: yanayokosewa kuhusu "Rockin' in the Free World"

Bendi ya hoteli moja jijini Arusha ilikuwa ikiwapigia watalii nyimbo za zamani. Ilipofika kwenye wimbo huu wa Neil Young, mwanamuziki wa rock kutoka Kanada, meza nzima ya wageni ikainuka, bia mkononi, wakakipokea kiitikio kama watu ambao timu yao imetwaa kombe. Muda mfupi kabla ya hapo ubeti ulikuwa umesimulia habari ya mama aliyemweka mtoto wake mchanga kando, usiku, karibu na pipa la taka, akaenda kutafuta dawa za kulevya. Mezani hakuna aliyeshtuka.

Dhana ya kwanza, na ndiyo mama wa zote: kwamba huu ni wimbo wa kuisifu Marekani. Kiitikio kinawahimiza watu waendelee kujirusha katika dunia huru, na anayesikia hicho peke yake hana kosa kubwa. Lakini beti ni kilio. Mbali na mama yule, kuna mtoto ambaye hatasoma shule wala kuonja mapenzi, na kuna watu wanaolala barabarani. Kisha kuna kijembe kwa rais wa wakati huo. George H. W. Bush, alipokubali kugombea kwa tiketi ya Republican mwaka 1988, aliahidi taifa lenye upole zaidi na akazungumzia nukta elfu moja za nuru. Young akayachukua maneno hayo hayo: nuru akamgawia asiye na makazi, upole akaukabidhi mkono ulioshika bunduki ya rashasha.

Wengine husema wimbo ulitungwa kushangilia kuanguka kwa Ukuta wa Berlin. Tarehe zinakataa. Young aliuimba jukwaani mara ya kwanza Seattle, Februari 1989. Albamu yake, Freedom, ikatoka Oktoba. Ukuta ukafunguka Novemba 9. Ni kweli kwamba Urusi imo katika kuzaliwa kwake, ila kwa mlango wa nyuma: mpango wa kwenda kupiga muziki Umoja wa Kisovyeti ulikwama, na mpiga gitaa wake Frank Sampedro akatania kwamba basi itabidi waendelee kurokia huku huku kwenye dunia huru. Mzaha wa mtu aliyekosa safari ndio uliokuja kuwa kiitikio.

Sasa tuje kwenye magitaa. Freedom inafunguliwa na wimbo huu kwa gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, ukiwa umerekodiwa mbele ya watu Jones Beach, New York, na inafungwa na wimbo uleule kwa gitaa la umeme na bendi nzima. Wapenzi wengi, nikiwamo mimi kwa miaka, walijenga picha kwamba wa gitaa kavu ndio wa asili, mtunzi na gitaa lake la ubao chumbani, kisha umeme ukaongezwa kama pilipili. Kumbe kinyume chake. Kule Seattle Young alikuwa na bendi yenye sauti ya kupasua masikio, na Jones Beach ni miezi baadaye. Gitaa kavu ndilo lililokuja kuuvua wimbo koti.

Na hata hilo kavu si kavu kihivyo. Huwezi kuwachezea maelfu ya watu uwanja wa wazi kwa gitaa la ubao tupu. Sauti inapita kwenye waya na spika kama kawaida. Tofauti ya kweli ni umri wa noti. Shika kodi ya Em (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), shuka D, kisha C, ndiyo njia ya ubeti huu. Kwenye gitaa kavu kila kodi inaanza kufa mara tu unapoipiga, hivyo mkono haupumziki, na katikati ya pigo na pigo panabaki kijinafasi ambamo neno la mwimbaji linatua likiwa zima. Kwenye gitaa la umeme lililokazwa hadi amplifaya, yaani kikuza sauti, inakwaruza, noti haifi. Sauti ya spika hurudi kwenye nyuzi, nyuzi zikatetemeka upya, ikawa mduara: ndugu ya lile yowe la maiki harusini MC akisogelea spika, ila hapa mpigaji analifuga. Kijinafasi kinazibwa. Mwimbaji inambidi apige kelele.

Eti makelele ya namna hiyo yanataka ukuta wa maspika? Amplifaya ambayo Young ameitegemea kwa miaka mingi ni Fender Deluxe ya 1959, kisanduku ambacho mtu mmoja anakibeba mkononi, na gitaa lake maarufu ni Gibson Les Paul ya 1953 lililopakwa rangi nyeusi.

Imani kwamba umeme ni usaliti wa wimbo wa malalamiko ilipata nguvu kwenye tamasha la nyimbo za folk la Newport, Marekani, Julai 1965, mwimbaji Bob Dylan alipopanda jukwaani na bendi. Hadi leo watu wanasimulia kuwa mwimbaji mkongwe wa folk, Pete Seeger, alishika shoka akakate waya. Seeger mwenyewe alieleza baadaye kwamba kilichomuudhi ni sauti iliyoharibika hadi maneno hayasikiki. Shoka lilikuwa maneno ya hasira tu.

Lakini hoja hiyo ya Seeger haitoshi kumweleza Young. Maneno ya wimbo wake wa umeme yanasikika vizuri ukitega sikio. Kinachoyafunika ni utamu wa kiitikio, na huo umo katika nakala zote mbili. Mwaka 2015 Donald Trump aliutumia wimbo huu siku alipotangaza kugombea urais. Young akapinga, na mwaka 2020 akafungua kesi kuhusu kutumiwa kwa nyimbo zake kwenye kampeni, kisha akaiondoa mwaka huohuo.

Bendi ya Arusha ilipopumzika nilimfuata mwimbaji. Nilikuwa nimesikia kwamba ubeti wa tatu aliubwabwaja tu, sauti bila maneno. Akacheka.

"Kaka, beti za nini? Hawa wanasubiri kiitikio."