Pampu ya joto kwenye dakti za zamani: tunacholaumu na kinachostahili lawama

Wiki ya kwanza baada ya kufunga pampu ya joto, yaani mashine ya umeme inayochota joto kwenye hewa ya nje na kuliingiza ndani ya nyumba, simu huwa ni ile ile. Mwenye nyumba amepanda kwenye kiti, ameinua kiganja hadi kwenye tundu la hewa darini kama anayempima mtoto homa. "Fundi, mbona haina moto? Hewa inatoka vuguvugu tu." Anaamini ameuziwa mashine mbovu. Naanzia hapo, kwa sababu ndani ya swali hilo mna karibu kila kosa linalofanyika kwenye kazi hii.

"Hewa isipochoma mkono, mashine haifanyi kazi"

Tanuri la gesi la zamani, ambalo pampu hii huchukua nafasi yake, hupuliza hewa ya nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi kwa dakika chache, kisha huzima na kusubiri nyumba ipoe. Pampu ya joto hupuliza hewa ya nyuzi 32 hadi 40 hivi, polepole, saa nyingi bila kusimama. Ngozi ya kiganja yenyewe ina nyuzi 33 hivi. Hewa ya nyuzi 35 ikipita kwa kasi juu yake haiwezi kuchoma. Unaweza hata kuihisi ya baridi. Ukitaka kujua kama kazi inafanyika, shuka kwenye kiti, weka kipimajoto katikati ya chumba mbali na tundu, usome asubuhi, mchana na usiku. Kikibaki nyuzi 21 siku nzima, mashine iko sawa.

Lakini hapo ndipo dakti, yaani njia za hewa zilizomo darini na chini ya sakafu, zinapoingia kwenye hesabu. Joto linalofika chumbani hutegemea mambo mawili: hewa ina joto kiasi gani, na inakuja kwa wingi gani. Cha kwanza kikipungua, cha pili lazima kiongezeke. Kwa kila kilowati 3.5 za uwezo wake, pampu huhitaji lita 190 hivi za hewa kila sekunde. Dakti zilizotengenezwa kwa ajili ya tanuri tu zilitosha kwa hewa kidogo yenye moto mkali. Sasa unaziomba zibebe hewa nyingi zaidi kupitia upana ule ule.

"Dakti zipo tayari, kilichobaki ni kubadilisha mashine"

Wakati mwingine ni kweli. Nyumba ikiwa ilishakuwa na kiyoyozi kikubwa kinachotumia dakti hizo hizo, uwezekano ni mkubwa kwamba zinatosha, kwa kuwa kupooza nako kunahitaji hewa nyingi. Ila uwezekano si kipimo, na kipimo chenyewe hakimalizi hata nusu saa. Fundi anatoboa vitundu viwili vidogo, kimoja kabla ya feni na kingine upande wa pili ambako hewa inatoka, anaingiza vimrija vya geji na kusoma tofauti ya presha. Feni nyingi za majumbani zimewekewa kikomo cha paskali 125 hivi. Geji ikisoma 200, feni hiyo inahema kama mtu anayepumua kupitia mrija: inapiga kelele, inakula umeme, na hewa haifiki vyumba vya mwisho. Mashine mpya ya bei kubwa haitabadilisha namba hiyo hata kidogo.

Ndiyo maana nasema bila kusita: fundi anayekupa bei ya pampu bila kupima dakti zako, mwombe arudi na geji.

Wapo wanaokimbilia upande wa pili na kusema dakti zote zing'olewe. Mara nyingi si lazima. Kinachobana zaidi huwa ni njia ya kurudishia hewa kwenye mashine, ambayo wajenzi wengi waliifanya nyembamba. Ukiongeza njia moja ya kurudishia, ukabadilisha chujio jembamba likawa nene lenye eneo kubwa, presha inaweza kushuka vizuri bila kuvunja dari.

Halafu kuna kuvuja. Mpango wa Energy Star wa Marekani unakadiria kwamba katika nyumba ya kawaida asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayopita kwenye dakti hupotea kupitia nyufa, matundu na maungio mabovu. Nilipanda darini katika nyumba moja ambamo chumba cha watoto hakikuwahi kupata joto. Juu yake nilikuta kipande cha dakti kimechomoka kwenye maungio, kimeachana kwa upana wa vidole vinne. Mbele ya ufa huo vumbi lilikuwa limefagiliwa, pamebaki duara safi juu ya mbao, kwa sababu hewa moto ilikuwa ikipulizwa pale majira kwa majira. Watoto walikuwa wanalala na mablanketi matatu, mita moja chini yake.

Maungio hayo yalikuwa yamefungwa kwa ile tepu ya kitambaa ya kijivu ambayo wengi huiamini kwa kila kazi. Mwaka 1998 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley huko Marekani walijaribu aina mbalimbali za vizibio vya dakti kwenye joto na baridi, na tepu hiyo ya kitambaa ndiyo iliyoshindwa. Tumia gundi nzito ya kupaka kwa brashi, au tepu ya foili iliyotengenezwa kwa ajili ya dakti.

"Kwenye baridi kali haina kazi"

Hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri bado ina joto. Joto huisha kabisa kwenye nyuzi 273 chini ya sifuri. Gesi inayozunguka ndani ya mashine, kama R-32, huchemka kwenye nyuzi 52 hivi chini ya sifuri katika mgandamizo wa kawaida wa hewa. Kwake, hewa ya nje ya barafu ni kama jiko. Kompresa huibana gesi hiyo, joto lake linapanda, kisha inalitua ndani ya nyumba. Norwe, Uswidi na Finlandi, ambako baridi haina mzaha, ni miongoni mwa nchi zenye pampu nyingi zaidi za joto kwa idadi ya nyumba.

Hata hivyo dhana hii ina chembe ya ukweli, nami sitaificha. Kadiri baridi inavyozidi, uwezo wa pampu unapungua huku nyumba ikidai joto zaidi. Namba kubwa ya uwezo inayotangazwa kwa kawaida hupimwa nje kukiwa na nyuzi 7 au 8. Dai namba ya nyuzi 15 chini ya sifuri, kama huko kwako kunafika hapo, na uilinganishe na hitaji la nyumba.

Ukiona mvuke mzito ukifuka kwenye mashine ya nje asubuhi ya baridi, usiite zimamoto. Inajiyeyushia barafu, dakika chache itamaliza.

"Kubwa ndiyo salama"

Hapana, na kwenye dakti za zamani kosa hili huumiza mara mbili. Mashine iliyozidi kipimo huwaka na kuzima kila mara, haikaushi unyevu vizuri wakati wa joto, tena inadai hewa zaidi kupitia dakti ambazo tayari zinahema. Usinakili namba iliyo kwenye tanuri la zamani; mengi yalifungwa makubwa kupita haja. Hesabu ifanywe chumba kwa chumba: kuta, madirisha, dari.

Hapa pana jambo ambalo watu huliruka. Ukihami dari na kuziba nyufa za nyumba kwanza, hitaji la joto linashuka, pampu ndogo inatosha, na pampu ndogo huhitaji hewa kidogo. Dakti zile zile zilizoonekana nyembamba zinaweza kutosha bila kuguswa.

"Nikiziba matundu ya vyumba visivyotumika naokoa umeme"

Presha inapanda, hewa inavuja zaidi darini. Yaache wazi.

"Usiku nashusha themostati kabisa"

Kwa tanuri ilikuwa sawa kushusha kidhibiti hicho cha joto la chumba. Mifumo mingi ya pampu ina hita ya umeme ya akiba, na asubuhi unapodai nyuzi tano kwa mkupuo, ndiyo inayowaka. Hita hiyo hutoa kizio kimoja cha joto kwa kizio kimoja cha umeme, wakati pampu hukuletea viwili hadi vinne. Shusha nyuzi moja au mbili, na umwambie fundi akuonyeshe siku ya makabidhiano hita hiyo imewekwa iwake kwenye baridi ya nyuzi ngapi. Mwombe pia akuandikie presha ya dakti kabla na baada ya kazi, kwa paskali, kwenye karatasi yenye tarehe.