Njia ya Siti: kutoka Fumba hadi Mji Mkongwe kwa gari la familia

Mgeni akija Unguja kutafuta muziki, atapelekwa Shangani kwenye makumbusho ya Freddie Mercury, yaliyofunguliwa 2019. Sina ugomvi naye. Kazaliwa hapa 1946, dunia nzima inaijua sauti yake, na wanaopiga picha mlangoni wana haki yao. Lakini mimi nafundisha udi, kile chombo cha nyuzi, na mzazi akiniuliza awapeleke wapi watoto wakamjue msanii aliyeijenga taarabu ya Kiswahili, namwelekeza kusini, njia ya uwanja wa ndege, mpaka Fumba. Huko ndiko alikozaliwa Siti binti Saad, 1880.

Niseme mapema ili msinilaumu: anayetaka sanamu, tiketi na duka la fulana atarudi mikono mitupu. Safari hii ni ya masikio. Kwa hiyo kabla ya kujaza mafuta, jaza simu. Tafuta zile nyimbo alizorekodi Bombay kwa kampuni ya His Master's Voice, kuanzia 1928, na uzisikilize mwenyewe kwanza ukiwa nyumbani. Nakala nyingi zinazozunguka zimechukuliwa kwenye santuri za zamani, na aliyezihamisha hakuwa makini na mwendo wa sahani. Sahani ikizungushwa haraka kidogo, sauti ya mtu mzima inakuwa ya kitoto, na fidla inalia kama mbu. Mimi huchukua udi nikatafuta ile nota nyimbo inapotulia. Ikiangukia katikati ya nota mbili, napata shaka kwamba mwendo umekosewa, naenda kutafuta nakala nyingine. Msio na udi, sikilizeni pumzi: mwimbaji akipumua kwa pupa mstari mzima, mjue sahani imekimbizwa.

Jambo la pili ni mpangilio. Familia nyingi huanza mjini, kisha Fumba inakuwa mahali pa kuogelea na kula samaki, maana boti za kuwapeleka watalii Ghuba ya Menai zinaondokea huko. Geuzeni. Anzeni Fumba asubuhi, mfuate njia aliyoifuata yeye, kutoka shamba kwenda mjini. Mkianza mjini mtamkuta ameshakuwa Siti, yaani bibi mwenye heshima, na hamtaelewa kwa nini mji ulishtuka.

Pale Fumba hakuwa Siti. Aliitwa Mtumwa, jina walilokuwa wakipewa watoto wa watu wa hali yake, na utumwa Unguja haukupigwa marufuku mpaka 1897, yeye msichana mkubwa. Baba alikuwa Mnyamwezi, mama Mzigua. Kazi ya nyumbani ilikuwa kufinyanga, na yeye alichukua vyungu kwenda kuviuza. Siku hizi Fumba ni majengo mapya, magari ya ujenzi na mabango ya kuuza nyumba, na watoto wangu walidhani tumekosea. Songeni mbele kidogo mpaka kwenye vijiji, mawe ya matumbawe yanapotokeza ardhini kama meno, mshuke garini hapo.

Sasa toeni chungu. Kinunueni Darajani siku moja kabla. Cha kupikia mchuzi kinatosha. Mkwe wangu, ambaye ni mtu wa Tanga na hana subira na nadharia zangu, ndiye aliyewafundisha wajukuu zake kukunja kanga kuwa kata, kuiweka kichwani, kisha chungu juu yake. Binti yangu alitembea vizuri. Kaka yake alikishika kwa mikono miwili na bado akalalamika shingo. Nikamwambia ajaribu kutembea hivyohivyo huku akinadi bidhaa kwa sauti. Ndipo mambo yakajionyesha. Mwenye mzigo kichwani hawezi kuinamisha kidevu wala kukunja kifua. Koo linabaki wazi na pumzi inatoka chini. Watu wa Fumba wamerithishana habari kwamba sauti ya yule muuza vyungu ilisikika kabla hajaonekana, na kwangu mimi mwalimu wa muziki hilo halina muujiza. Alikuwa akifanya mazoezi kila siku barabarani, hata kama hakuna aliyeyaita mazoezi.

Mkirudi garini, wekeni nyimbo moja ya 1928, msikilize mwisho wa kila mstari. Haumalizi kwa kishindo. Irabu ya mwisho anaivuta, anaitikisa kidogo, ndipo anaiachia fidla. Njia ya kurudi kupitia Dimani inatosha nyimbo kadhaa, maana upande mmoja wa sahani ya wakati ule ulichukua dakika kama tatu tu. Taarabu ya ukumbini haina haraka hiyo. Mtu anatunzwa, anarudia ubeti, wapigaji wanajibizana, na nyimbo moja inaweza kuimaliza chai yako. Kule Bombay ilibidi beti zipunguzwe na utangulizi wa vyombo ukatwe. Ndiyo maana kwenye rekodi anaingia mapema. Hakuwa na papara. Alikuwa anapimiwa nta, ile sahani ambayo sauti ilichorwa wakati wa kurekodi.

Mjini alihamia 1911, akiwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, na huko akakutana na Ali Muhsin, mwanamuziki aliyemfundisha kuimba kwa vyombo. Hapa nawaomba wazazi mwaeleze watoto hali ilivyokuwa. Taarabu ilikuwa mambo ya wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, chombo cha nyuzi, na muziki uliotokana na hapo ukaimbwa Kiarabu, na wanaume, katika majumba. Kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa 1905 katika mkondo huohuo. Kisha anatokea mwanamke wa shamba, anaimba Kiswahili, na wapigaji wake ni akina Subeit, Budda, Maalim Shaaban na Mbaruk, ambaye alikuwa haoni. Mji ukaanza kununa.

Wakamtungia nyimbo ya kumsuta: tangu lini amekuwa mtu, si alikuja mjini na kaniki, nguo nyeusi ya maskini, na kama si sauti angekula nini? Akajibu kwa nyimbo pia, kwamba uzuri wa sura na ukoo mkubwa si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Angalieni umbo lake: mistari mitatu, vina vimefungwa, tusi limevaa nguo safi. Tukiwa kwenye foleni karibu na Darajani niliwapa watoto zoezi la kutunga ubeti wa namna hiyo, nikitarajia watamsuta mtu wa mbali. Nilichopata ni hiki:

Baba ni dereva, njia haijui
Akishika breki, gari haitui
Nyuma tunalia, hata hatambui

Mizani kumi na mbili kila mstari, nilizihesabu. Sikuwa na la kukosoa. Mkwe akaomba urudiwe.

Darajani ndipo penye mpaka wa hadithi. Barabara pana mnayoivuka, yenye magari na wauza ndimu, ilikuwa mkono wa bahari. Maji yakijaa, Mji Mkongwe ulikuwa karibu kisiwa, na daraja ndilo lililouunganisha na Ng'ambo. Baadaye maji yakafukiwa. Siti aliishi Ng'ambo, na baraza za jioni nyumbani kwake ndizo zilizolisha nyimbo zake: watu walikuja na habari za mahakamani, za wapangaji, za mabwana waliokosa haya, na asubuhi habari ilikuwa imeshapata mahadhi. Mwaka uleule wa 1928 aliosafiri kwenda Bombay, watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi. Sisemi yeye ndiye aliyeanzisha mgomo. Nasema waliogoma na waliomsikiliza walikaa mitaa ileile.

Hapa wekeni “Kijiti”, lakini pimeni umri wa watoto. Inahusu mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, aliyedanganywa, akadhulumiwa na kuuawa, muuaji, ndiye huyo Kijiti, akavuka kwenda bara, na lawama ya mahakama ikawaangukia wanawake waliokuwa naye. Mdogo wangu wa mwisho niliambulia kumwambia tu kwamba ni kesi iliyoharibika. Binti yangu mkubwa aliuliza kwa nini watu walicheza nyimbo kama hiyo harusini. Nilimjibu kama ninavyowajibu wanafunzi: miaka ile gazeti hawakulisoma wengi, lakini nyimbo kila mtu aliijua kwa moyo, na jina la mhalifu limedumu hadi leo kwa sababu linaimbika. Sahani za Siti zilizouzwa hadi 1931 zinatajwa kufikia 72,000. Na mashine ya santuri haikuwa ya mtu mmoja. Iliwekwa hotelini au barazani, mtaa mzima ukasikiliza.

Gari liacheni nje ya Mji Mkongwe, vichochoro havina huruma na vioo vya pembeni. Tembeeni hadi Forodhani. Yeye aliyesutwa kwa kaniki alifika kuimba mbele ya sultani, upande huu wa mji. Beit al-Ajaib, jumba la Barghash, iliyojengwa 1883, iliporomoka sehemu kubwa siku ya tarehe 25 Desemba 2020, na ndani yake mlikuwa na makumbusho. Jumba la mawe limeanguka, sauti iliyokatwa kwenye nta bado ipo. Lakini haya ni mawazo ya mtu mwenye njaa, na watoto wakati huo walishaniburura kwenye urojo.

Siti alifariki 1950. Shaaban Robert aliwahi kumhoji na kuandika wasifu wake, na kitabu hicho ndicho cha kusoma mkirudi nyumbani, kwa sauti, zamu kwa zamu. Kitukuu wake, Siti Muharam, ametoa albamu 2020. Iwekeni mwisho kabisa, baada ya zile za zamani, msikie kilichobaki na kilichobadilika kwenye ule uvutaji wa irabu.

Kama mna nguvu bado, ulizieni vikundi vya Mji Mkongwe vinafanya mazoezi jioni gani. Nadi Ikhwan Safaa wapo mpaka leo. Mkisikia fidla zinarekebishwa na mlango uko wazi, pigeni hodi, mkaribishwe, mkae nyuma. Simu zizimwe kabisa, na yeyote mwenye chungu akiweke chini.